Kuvaa Kilti Wakati wa Baridi: Maneno Yaliyosemwa Mbele ya Wanachama



Katibu alipotutaka tuchague jambo la kusemea, tulifikiri kwanza juu ya mishahara na likizo, maana hayo ndiyo yaliyo karibu na moyo wa karani. Lakini wako vijana wetu waliopewa ruhusa kwenda masomoni Uskoti, nao watafika huko miti ikiisha kupukutika majani. Basi tumeona yafaa kuwaeleza jambo moja ambalo lilikaribia kututoa roho sisi wenyewe, nalo ni kuvaa kilti wakati wa baridi. Msicheke bado, mtacheka mwishoni.

Kilti ni vazi la wanaume lililotoka katika nchi ya milima ya Uskoti. Ni nguo ya sufu yenye mirabaraba, yapata yadi 8, hukunjwa marinda kwa nyuma, ikazungushwa kiunoni na kukoma magotini. Mtu wa pwani aliyezoea kikoi hatalistaajabia sana. Tofauti ni hii, kwamba kikoi ni nguo ya nchi yenye joto, bali kilti ni ya nchi ambayo kijiji chake kimoja, Braemar, kilipimwa baridi ya digrii 27.2 chini ya sifuri tarehe 11 Februari 1895, na tena 10 Januari 1982. Mji wa Edinburgh, alikosoma Mwalimu Julius Nyerere tangu 1949 hata 1952, hauna baridi kali kama hiyo. Lakini upepo wake watoka baharini, nao hauulizi mtu cheo chake.

Wala mgeni hawezi kusema kwamba atangoja kiangazi. Sikukuu kubwa za Waskoti huangukia majira ya baridi: siku ya Mtakatifu Andrea ni 30 Novemba, mkesha wa mwaka mpya ni 31 Desemba, na karamu ya kumkumbuka mshairi Robert Burns ni 25 Januari. Siku hizo ndizo watu watoapo kilti zao sandukuni.

Sisi tulialikwa arusini mwezi wa Januari. Kwa kuchunga fedha tulikodi kilti ya nguo nyepesi, tukavaa soksi nyembamba. Vijana wenzetu walitutania kwamba mwanamume wa kweli havai kitu ndani ya kilti, nasi tukaogopa kuchekwa kuliko tulivyoogopa baridi. Ukienda kwa wenye chongo, wasema wahenga, vunja lako jicho, nasi tukalivunja. Hatukula asubuhi, tukanywa wiski kidogo tukidhani ni moto wa tumboni. Kisha tukasimama nje ya kanisa kupigwa picha, muda wa nusu saa.

Kwanza tulitetemeka sana. Halafu tukaacha kutetemeka, tukajiona tumepona. Mzee mmoja wa nchi ile akatuuliza jambo, nasi tukajibu kwa ulimi mzito kama wa mlevi. Hakutucheka. Alivua shuka lake la sufu, akatufunga nalo, akatuingiza ndani na kutuketisha mbali kidogo na moto, akatupa chai ya sukari nyingi. Baadaye alitwambia kwamba mtu aliyepatwa na baridi akiacha kutetemeka na hali bado yu baridi, hiyo si nafuu. Ndiyo hatari yenyewe. Nasi twajua leo ya kuwa joto la ndani ya mwili, ambalo kwa kawaida ni digrii 37, likishuka chini ya 35 akili huanza kupotea, na mtu hujiona mzima.

Basi yasikilizeni mafunzo ya mzee yule, pamoja na mengine tuliyojifunza baada yake.

La kwanza, anzeni na kifua wala si miguu. Kifua na tumbo vikipoa, mwili huivuta damu kutoka mikononi na miguuni ili kulinda moyo. Kwa hiyo vaeni fulana ya sufu, shati, kizibao na koti, pamoja na kofia na mifuko ya mikono. Aliyevaa vema kwa juu ataweza kuyavumilia magoti yaliyo wazi.

La pili, chagueni nguo nzito. Nguo ya kilti huhesabiwa kwa uzito wa yadi moja: nyepesi ni wakia 10 au 11, nzito ni wakia 16 hata kuzidi. Ile nzito haipeperushwi ovyo na upepo. Marinda yake ni nguo juu ya nguo, na hewa iliyofungwa katikati ndiyo itunzayo joto. Tena sufu huweza kunywa unyevu mwingi kabla mwili haujausikia.

La tatu, soksi ziwe za sufu nene, zifike chini kidogo ya goti na kukunjwa juu, zikifungwa kwa ukanda usiobana damu. Viatu viwe na nafasi ya vidole kuchezea.

La nne, vaeni suruali fupi ya ndani, iwe ya sufu au ya kubana. Asiyeonekana hawezi kuhukumiwa. Mfalme George wa Nne alipozuru Edinburgh mwaka 1822, alivaa kilti juu ya suruali ya kubana yenye rangi ya ngozi. Kama mfalme hakuona haya, karani aone haya kwa nini?

La tano, msikae juu ya jiwe wala chuma bila kutandaza marinda chini yenu, wala msisimame penye upepo kwa adabu tu. Kuomba kuingia ndani si kukosa heshima.

La sita, jihadharini na pombe. Hufungua mishipa ya ngozi, damu yenye joto ikaja juu na kupoa. Mtu husikia moto huku akipoteza joto lake. Chakula na chai ni bora.

La saba, mkitoka katika baridi msiyapeleke magoti motoni ghafula. Ngozi iliyopoa ikipashwa kwa haraka huweza kuvimba na kuwasha. Pasheni polepole.

Labda mtauliza: Je, Waskoti wenyewe hawaoni baridi? Waona sana. Watu wa kale wa milimani walivaa shuka kubwa la sufu, mchana likawa vazi, usiku likawa blanketi. Baada ya uasi wa 1745, serikali ilitunga sheria mwaka 1746 ya kuwakataza wanaume vazi hilo, isipokuwa askari, na sheria hiyo haikufutwa hata 1782. Kwa hiyo kilti kwao si mchezo. Ni kitu walichonyang'anywa wakakirudisha. Hata hivyo, katika vita ya 1914 hata 1918, tope liliganda kwenye pindo za kilti ndani ya mahandaki na kuwachana askari miguu, na hewa ya sumu iliunguza ngozi iliyokuwa wazi. Kikosi cha mwisho kupigana vitani kwa kilti kilikuwa Cameron Highlanders, huko Ufaransa mwaka 1940. Kisha askari wakaenda vitani kwa suruali, na kilti ikawekwa kwa gwaride na sherehe. Walioipenda kuliko watu wote walijua pa kuivaa na pa kuivua.

Bwana Mwenyekiti, hapo ndipo penye shabaha ya maneno yetu. Sisi makarani twapenda kuiga mavazi ya watu, na hilo si dhambi. Lakini vazi la watu lina akili yake ndani, na akili hiyo haikodishwi dukani. Hupatikana kwa kuuliza wazee. Tulichukua nguo ya Waskoti tukaiacha hekima yao, na aliyetuokoa ni mzee aliyekuwa na vyote viwili. Kuuliza si ujinga. Enyi vijana mnaosafiri, afadhali mchekwe na watu kwa swali moja kuliko kuliliwa na mama zenu kwa mzaha mmoja.

Sasa mwaweza kucheka.