Vituo Hufungwa Saa Kumi na Moja: Mbona Matokeo Yachukue Siku Sita?



Kwa mujibu wa Katiba, uchaguzi mkuu ujao utafanyika Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti mwaka 2027, yaani tarehe 10. Vituo vitafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Hayo yanajulikana. Lisiloeleweka vizuri, na ambalo limewahi kuigharimu nchi hii damu, ni kinachoendelea kati ya saa kumi na moja ile ya jioni na wakati ambapo mwenyekiti wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, anasimama kusoma matokeo ya urais. Mwaka 2013 muda huo ulikuwa siku tano. Mwaka 2017 ulikuwa siku tatu. Mwaka 2022 ulikuwa siku sita: kura zilipigwa Jumanne tarehe 9 Agosti na matokeo yakatangazwa Jumatatu tarehe 15.

Kwanza saa yenyewe, kwa maana hata hapo watu hupotezana. Tangazo la Kiingereza huandika 5 ya jioni, simu huandika 17:00, na Mswahili husema saa kumi na moja. Kijana akisoma ile tano kama ilivyo na kumwambia nyanya yake kwamba kituo kinafungwa saa tano, nyanya atajua ni saa tano ya mchana. Ikifika saa sita bado yuko shambani, ataona amechelewa na kubaki huko, kumbe angali na saa tano nzima za kupiga kura. Anayepeleka habari ya uchaguzi nyumbani aipeleke kwa hesabu ya saa wanayoitumia wenye nyumba.

Saa kumi na moja haimaanishi mlango unafungwa na kila mtu anarudi kwao. Kanuni za uchaguzi zinasema aliyekwisha kuwa kwenye foleni muda unapokwisha atapiga kura yake, hata ikiwa ni saa mbili usiku. Kituo kilichochelewa kufunguliwa, labda kwa sababu gari la vifaa lilikwama kwenye tope au mvutano ulisimamisha shughuli, kinaweza kuongezewa muda uliopotea. Kwa hiyo hakuna dakika moja ambapo Kenya nzima imemaliza kupiga kura. Jirani akisema kituo chao kilifungwa saa tatu usiku, hajasimulia kioja.

Kuhusu saa, Kenya ina bahati. Jua huchomoza Mandera karibu nusu saa kabla ya kuchomoza Busia, lakini saa ya ukutani ni moja, kutoka Lamu hadi Turkana. Nchi kubwa hazina bahati hiyo. Zimegawanywa katika kanda za saa, na mpaka wa kanda unaweza kupita katikati ya jimbo moja.

Jimbo la Florida nchini Marekani ni hivyo. Sehemu kubwa yake hufuata saa za mashariki, lakini kaunti za upande wa magharibi ziko nyuma kwa saa moja. Tarehe 7 Novemba 2000, mashirika ya televisheni yalitangaza kwamba Al Gore ameshinda Florida, na hapo zilikuwa zimebaki kama dakika kumi kabla ya vituo vya magharibi kufungwa. Watu walikuwa bado foleni, wengine wako njiani kutoka kazini. Saa kadhaa baadaye televisheni zikayaondoa matangazo hayo. Usiku wa manane zikampa George W. Bush jimbo hilo hilo, na kabla ya alfajiri zikamnyang'anya. Baada ya wiki tano za kesi, Bush alitangazwa mshindi wa Florida kwa kura 537, katika jimbo ambalo kura zilizopigwa zilikaribia milioni sita. Wangapi waligeuza gari zile dakika kumi za mwisho? Hakuna awezaye kuwahesabu watu ambao hawakufika.

Wafaransa walipata njia ya kulipima jambo hili. Wana maeneo ya ng'ambo, kama Martinique na Guadeloupe, yaliyo nyuma ya Paris kwa saa tano au sita. Zamani wapiga kura wa huko walikuwa bado wanapiga kura Jumapili mchana wakati Paris ilipokuwa tayari inatangaza mshindi. Tangu mwaka 2007 maeneo hayo ya upande wa Amerika hupiga kura Jumamosi, siku moja kabla. Watafiti wanne wakalinganisha chaguzi za kabla na za baada ya mabadiliko hayo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015 walikadiria kwamba kuyajua matokeo mapema kulipunguza idadi ya wanaojitokeza kwa takriban pointi 11 za asilimia, na baadhi ya wale waliojitokeza wakavutwa upande wa anayeshinda. Pointi 11 si kidogo. Viti vingi vya ubunge na udiwani huamuliwa kwa pengo dogo kuliko hilo.

Mkenya atasema hayo ni ya Ulaya na Marekani. Lakini mwaka 2022 uchaguzi wa ugavana wa Mombasa na Kakamega uliahirishwa kwa sababu karatasi za kura zilichapishwa vibaya, na ukafanywa tarehe 29 Agosti. Kufikia siku hiyo matokeo ya urais yalikuwa yametangazwa kwa wiki mbili. Wakazi wa kaunti hizo mbili walimchagua gavana wakijua kilichotangazwa Nairobi, jambo ambalo wakazi wa kaunti nyingine 45 hawakulijua walipokuwa wanamchagua wao. Hawakufanya kosa lolote. Walipewa tu uchaguzi wa aina nyingine.

Kuna pia Wakenya walioko nje. Mwaka 2022 walipiga kura ya urais katika nchi 12, kila kituo kikifuata saa za mahali kilipo. Dubai iko mbele ya Nairobi kwa saa moja, kwa hivyo kura za kwanza zilianza huko Kenya ikiwa bado gizani. Los Angeles iko nyuma kwa saa kumi. Kituo kikifunguliwa huko alfajiri, hapa ni saa kumi jioni, na kikifungwa huko, hapa ni saa tisa usiku wa kuamkia Jumatano. Maana yake, hesabu ya kura huanza hapa wakati Mkenya wa Los Angeles anakunywa chai ya asubuhi, na anaweza kuona fomu za vituo vya nyumbani kwenye simu kabla hajatoka kwenda kupiga kura yake. Waliojiandikisha nje walikuwa zaidi kidogo ya 10,000 kati ya wapiga kura milioni 22, ndiyo maana hakuna aliyelalamika sana. Idadi hiyo ikikua, swali litakuja.

Kanada iliwahi kulijibu kwa sheria. Kwa miaka mingi ilikuwa kosa kupeleka matokeo ya mashariki katika eneo ambalo vituo vyake havijafungwa. Mtu mmoja aliyeyaweka kwenye intaneti mwaka 2000 alishtakiwa, na kesi yake ikafika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, ambayo mwaka 2007 iliona sheria ni halali. Lakini simu za mkononi ziliishinda sheria hiyo, ikafutwa kabla ya uchaguzi wa 2015. Kilichobaki ni saa za kupiga kura zilizopangwa kwa kupishana, ili vituo vya pwani zote mbili visipitane sana kufungwa.

Kenya ilichagua njia iliyo kinyume kabisa: matokeo ya kila kituo yawe wazi papo hapo. Uchaguzi wa 2007 ndio uliofundisha hivyo. Kura zilipigwa tarehe 27 Desemba na matokeo ya urais yakatangazwa jioni ya tarehe 30. Katikati ya siku hizo, pengo lililokuwa kubwa redioni lilizidi kupungua, maeneo mengine yakikaa kimya bila takwimu, na wananchi hawakuwa na njia ya kukagua chochote. Zaidi ya watu 1,100 walikufa katika ghasia zilizofuata. Tume ya Jaji Johann Kriegler iliyochunguza uchaguzi ule ilikuta ujumlishaji umeharibika kiasi kwamba haikuwezekana kujua nani alishinda.

Pengo kupungua peke yake si dalili ya wizi. Kura hazifiki kwa mpangilio wa nani anapendwa. Zinafika kwa mpangilio wa barabara, mtandao wa simu na urefu wa foleni. Kituo kimoja kina wapiga kura wasiozidi 700, na chenye wachache humaliza kuhesabu mapema. Chenye mtandao hutuma mara moja, na kisicho nao husubiri setilaiti au gari. Ngome ya mgombea mmoja ikiwa na lami na mtandao, atatangulia usiku wa kwanza. Ngome ya mwenzake ikiwa mbali, atapanda siku ya tatu. Mwaka 2022 hata vyombo vya habari, vikisoma fomu zile zile za IEBC, vilionyesha jumla tofauti usiku mmoja, kwa sababu kila kimoja kilianza na fomu zake.

Lakini kuchelewa kunaweza pia kuficha uovu, na haifai kuwadanganya wananchi kwamba hakuwezi. Ndiyo maana Fomu 34A ina uzito. Kura za urais zikishahesabiwa kituoni, msimamizi hujaza fomu hiyo, mawakala wa wagombea hutia sahihi, nakala hubandikwa mahali pa wazi hapo kituoni, na picha yake hutumwa kwa kifaa cha KIEMS. Fomu yenyewe husafirishwa hadi kituo cha kujumlisha cha eneo bunge, ambako Fomu 34B hutayarishwa, kisha zote huenda Nairobi kwa Fomu 34C. Mwezi Juni 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba matokeo yaliyotangazwa mashinani ni ya mwisho, na Nairobi haina mamlaka ya kuyabadilisha. Kazi ya Nairobi ni kujumlisha na kuhakiki. Mwaka 2022 vituo vilikuwa zaidi ya 46,000, na kila fomu ililazimika kulinganishwa na picha yake mbele ya mawakala. Siku sita zilikwenda huko.

Wanaodai matokeo yatangazwe usiku ule ule wakumbuke jambo moja. Kati ya chaguzi za urais za 2013, Agosti 2017 na 2022, zote tatu zilifikishwa Mahakama ya Juu. Ule wa siku tano ulisimama. Ule wa siku sita ulisimama, kwa uamuzi wa majaji wote saba. Uliobatilishwa, tarehe 1 Septemba 2017, ni ule uliotangazwa kwa siku tatu, na moja ya sababu ni kwamba matokeo yalisomwa kabla Tume haijapokea fomu zote za 34A.

Katiba inampa mwenyekiti siku saba, wala si zaidi. Matokeo yakitangazwa, asiyeridhika ana siku saba za kuwasilisha kesi, na mahakama ina siku 14 za kuiamua. Hadi siku ya saba ipite, aliye dukani, kwenye matatu au kwenye kundi la simu akiuliza mbona wamechelewa, jibu ni kwamba hawajachelewa.

Wakati huo kuna kazi ya kufanya. Nakala iliyobandikwa kituoni ni ya kusomwa na kila mtu. Mkazi anaweza kurudi usiku au asubuhi, akanakili jina la kituo, nambari yake, kura za kila mgombea na kura zilizokataliwa, au akaipiga picha. Kisha atafute fomu ya kituo hicho kwenye tovuti ya IEBC, kama ilivyowezekana mwaka 2022, na kulinganisha tarakimu kwa tarakimu. Zikilingana, yeye mwenyewe ni shahidi. Zikitofautiana, apeleke picha yake kwa wakala wa mgombea au ofisi ya IEBC ya eneo bunge kabla ya kuipeleka mitandaoni, kwa sababu huko ndiko marekebisho hufanywa, na wakili akienda mahakamani atahitaji picha inayoonyesha kituo kipi na saa ngapi, si fununu iliyopita simu 40.

Anayetaka kuhakikisha jina lake limo kwenye sajili na kituo chake ni kipi aende ofisi ya IEBC ya eneo bunge lake, siku za kazi, akiwa na kitambulisho.