Waya wa Mwendo
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Machakos)



Twasikia baadhi yetu wamekata waya wa kidhibiti mwendo katika pikipiki za umeme. Hatukuja kugombezana, sababu twaijua. Mwenye pikipiki ataka hesabu yake jioni, mvua inyeshe isinyeshe, na abiria wa Kyumvi ana haraka.

Lakini tupige hesabu yetu wenyewe. Mwendo ukitoka kilomita 50 kwa saa hadi 70, upepo unatupinga karibu mara mbili. Betri inakwisha mapema, mota inachemka, nasi twakaa kwenye chaji huku wenzetu wapakia. Ukishika breki, wahitaji karibu mara mbili ya barabara kabla ya kusimama.

Matatu zililazimishwa kufunga kidhibiti cha kilomita 80 mwaka 2004, na wako waliokichezea. Faida ilikwenda kwa tajiri. Aliyelala selo ni dereva.

Basi tusikate waya, tukate hesabu. Jumamosi kamati itaonana na wenye pikipiki. Kila mmoja alete daftari lake la majuma mawili, siku za mvua ziandikwe pia.