Barua za Ofisi Zikae Wapi?

(Hotuba kwa mkutano wa wanafunzi wa zamani, Zagayu)



Nimeombwa nieleze kazi yangu. Nitaeleza sehemu moja tu, nayo ni barua pepe.

Katika ofisi ambayo sitaitaja, mtumishi mmoja alihamishwa mkoa. Kwa miaka kadhaa barua za idara zilikuwa zikija kwenye anwani yake binafsi, zile za bure za makampuni ya nje. Alipoondoka, aliondoka nazo. Hakuiba kitu, ndugu zangu. Anwani ilikuwa yake. Aliyempokea ilimbidi awapigie simu wakandarasi mmoja mmoja, akiomba nakala za barua ambazo ofisi ilikwisha kuzipokea. Enzi za masijala ya makaratasi, faili lilibaki kabatini hata karani akifariki.

Serikali iliunda Wakala ya Serikali Mtandao mwaka 2012, na kwa Sheria Na. 10 ya 2019 ikawa Mamlaka. Miongoni mwa mifumo yake ni Mfumo wa Barua Pepe Serikalini, wenye anwani zinazoishia na .go.tz. Humo sanduku la barua ni mali ya ofisi. Jinsi mitambo hiyo ilivyopangwa ndani si jambo la jukwaani, lakini njia inayotumiwa na taasisi nyingi duniani naweza kuieleza, kwa kuwa chama chetu nacho kinafikiria kuwa na barua pepe yake.

Unahitaji seva, na programu ya kusomea barua kwenye kivinjari. Roundcube ni mojawapo, nayo ni ya bure. Siku hizi kila sehemu huwekwa katika kontena yake, kazi iliyoenea baada ya Docker kutolewa mwaka 2013. Kontena ni programu iliyofungwa pamoja na kila inachohitaji, kama mpishi wa shughuli anayekuja na masufuria yake, mafiga yake, hata chumvi. Akikushinda unamwondoa na kumleta mwingine saa hiyo hiyo. Ila barua zenyewe zihifadhiwe nje ya kontena, kwenye diski ya seva. Mpishi akifukuzwa, wali ubaki.

Mbele ya makontena hukaa proksi, kwa mfano Nginx. Huyu ni karani wa mapokezi. Msomaji anaingia kwa mlango mmoja, namba 443, mazungumzo yakiwa yamefungwa kwa cheti. Karani anapeleka ombi ndani na kurudisha jibu, na mgeni hajui hata vyumba viko vingapi. Let's Encrypt hutoa vyeti bila malipo, lakini havizidi siku 90, kwa hiyo seva iagizwe kuvihuisha yenyewe. (Barua zinazotoka seva nyingine hazipiti kwa karani huyu. Zina mlango wao, namba 25.)

Sasa sikilizeni vizuri. Juni 2025 ilitangazwa kwamba Roundcube ilikuwa na tundu lililodumu miaka kama kumi. Mtu mwenye nenosiri la mtumiaji mmoja tu aliweza kuiamuru seva ifanye atakavyo. Karani wa mapokezi hamzuii mtu huyo, maana kwake ni mgeni halali. Matoleo ya 1.6.11 na 1.5.10 yaliliziba, lakini yalimsaidia aliyeyaweka tu. Kubadilisha kontena ni kazi ya dakika chache. Swali ni nani ataifanya siku hiyo hiyo, ikiwa ni Jumapili na umeme umekatika?

Kwa maoni yangu, kama hatuna watu wawili wa kazi hiyo, nasema wawili kwa sababu mmoja atahamishwa, ni afadhali tukodi huduma kwa kampuni, mradi jina la anwani lisajiliwe kwa jina la chama. Tukiwapata, seva inaweza kukaa hapa Zagayu na nakala ya barua Bariadi mjini, na kila muda tujaribu kuirejesha nakala hiyo tuone kama inafunguka.

Katibu ana daftari. Wanaojitolea waandikishe majina kabla ya chakula.