Mlango Ukifungwa, Mwalimu Anakula Nini?



Ndugu msomaji. Maneno haya niliyasema mbele ya vijana wenzangu hapa Nakuru baada ya swala ya alasiri, nikaombwa niyaandike. Mimi si shekhe. Ninakusimulia kosa langu mwenyewe, huenda likakufaa.

Nilipokuwa sekondari nilijifunza karate. Ukumbi ulikuwa wa kukodi. Mikeka tukiitandika wenyewe na kuikunja wenyewe. Ada ilikuwa shilingi 500 kwa mwezi. Katika hizo sensei alilipa kodi ya ukumbi, na kilichobaki ndicho kilichoingia kwenye sufuria nyumbani kwake. Hakuwa na mshahara mwingine.

Machi 2020 korona ikaingia Kenya. Tarehe 15 ikatangazwa kuwa shule zifungwe, tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Karate ni mchezo wa kushikana na kupumuliana, sasa nani angeuruhusu? Hata misikiti ilifungwa, Ramadhan ile tukaswali tarawehe majumbani. Tulipodhani tumetoka, tarehe 26 Machi 2021 zikafungwa kaunti tano: Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na hii yetu ya Nakuru. Michezo na ibada za pamoja zikasimamishwa tena hadi Mei mosi. Ramadhan ya pili nayo ikatukuta ndani. Kafyu yenyewe iliondolewa Oktoba 20, 2021.

Kuna waliovumilia. Faith Ogallo, Mkenya mwenzetu wa taekwondo, alifuzu kwenda Olimpiki akiwa Rabat Februari 2020. Michezo ikaahirishwa mwaka mzima, lakini Julai 2021 alikuwa Tokyo.

Na mimi je? Wiki za kwanza nilifanya mazoezi nyuma ya nyumba, kati ya kamba za nguo. Sensei alitutumia zoezi moja kila wiki kwa simu. Mwezi wa tatu nikaacha hata kufungua ujumbe wake. Kumbe nilikuwa nikijituma kwa sababu ananitazama!

La pili ni zito zaidi. Mama alinipa ada ya Machi kabla ya kufungwa. Nikasema moyoni, hakuna mazoezi, hakuna malipo. Zile 500 nikanunulia bando. Sikupiga simu hata mara moja kumuuliza anakula nini. Baadaye nikasikia ukumbi umemponyoka, mikeka ameiuza, na anauza mboga kwa mkokoteni.

Alipoanza tena tulikuwa wanafunzi tisa, tukifanya mazoezi kwenye nyasi. Nikampelekea ile 500. Akaikunjua, akaitazama, akasema, "Hii ni ya Machi. Bado Aprili." Akacheka. Nikacheka naye, lakini jamani, usiku ule sikulala vizuri.

Ndugu yangu, saumu ina siri moja. Ukinywa maji chooni hakuna mtu atakayejua, na bado hunywi. Korona ilikuwa mtihani wa namna hiyo, nami nikaanguka mara mbili. Mtume (s.a.w.) ametufunza kwamba mwenye nguvu si yule anayewaangusha watu, ni yule anayejimiliki anapokasirika. Basi mtu aliyeshindwa kuimiliki shilingi 500 ana mkanda gani kiunoni?

Sasa fikiria ustadh wa madrasa ya mtaani kwako. Naye anaishi kwa ada za watoto. Mlango ukifungwa tena, kwa maradhi au kwa mafuriko, atakula nini? Ninachoomba ni kidogo: kila darasa, la karate au la Qur'an, liwe na kisanduku chake. Kila mzazi aongeze shilingi 20 juu ya ada ya mwezi, zisiguswe ila siku ya dharura. Na leo, kabla ya futari, mpigie simu mwalimu mmoja aliyekufundisha. Usimwombe kitu. Mwulize hali tu.

Allah atutakabalie saumu zetu na atusamehe tulipowasahau waliotufunza. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.