Moyo na Mashine ya Kupumulia

Leo tunazungumza juu ya mgonjwa mahututi anayepumua kwa mashine. Tangu Korona iingie Kenya mwezi wa Machi 2020, wengi wetu tumezisikia mashine hizi. Lakini jamaa bado huuliza: "Mbona amefumbua macho na hawamtoi?"

Sababu moja huwa ni moyo. Mashine inaposukuma hewa mapafuni, huupunguzia moyo kazi pia. Fikiria baiskeli iliyobeba miwa ikipanda mlima, na mtu anaisukuma kwa nyuma. Akiachilia, mwenye baiskeli anabaki na uzito wote. Vivyo hivyo, mgonjwa akianza kujivutia pumzi mwenyewe, damu nyingi zaidi hurudi moyoni. Moyo dhaifu hushindwa, maji hujaa mapafuni, naye hurudishiwa mpira kooni. Kurudishiwa si jambo dogo, mama. Siku za kulazwa huongezeka, na hatari ya maambukizi na ya kifo pia.

Kwa hiyo madaktari humjaribu kwanza. Hupunguza msaada wa mashine kwa nusu saa hadi saa mbili, wakimwangalia. Penye kifaa na mtaalamu, moyo hupigwa picha kwa ultrasaundi. Ni kama ile uliyopigwa tumboni ukiwa mjamzito: haiumi, wala haina miale kama ya eksirei. Huonyesha nguvu za moyo, na kama damu inasongamana kurudi upande wa mapafu. Ikiwa hivyo, daktari aweza kumpa dawa ya kupunguza maji mwilini, kisha amjaribu tena. Picha peke yake haiamui; fahamu, kikohozi na nguvu za kifua hutazamwa pia.

Nawe una habari ambazo mgonjwa mwenye mpira mdomoni hawezi kuzisema. Je, alikuwa akivimba miguu, au akilalia mito miwili ili apate pumzi? Ana presha? Ni mama aliyeishiwa pumzi mwishoni mwa mimba au baada ya kujifungua? Ni kijana aliyewahi kuumwa koo, kisha viungo vikavimba? Hilo la koo wengi hulipuuza, kumbe homa ya baridi yabisi huharibu valvu za moyo. Mweleze daktari yote. Dawa zake zipeleke na pakiti zake, na mitishamba pia uitaje. Usione haya, wauguzi wamekwisha kuyasikia hayo.