Jina la Jalada na Jina la Mtu: Kusahihisha Kumbukumbu za Askari Mstaafu

(Hotuba iliyosomwa Kampala mbele ya Kamati na wanajumuiya, katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni)

 

Siku kama ya leo tunawakumbuka waliotutangulia, na si wachache kati yao waliovaa sare ya jeshi. Wazee na wajane wamekuwa wakiijia Kamati na swali lilelile: jina lililo kwenye jalada la jeshi si jina ninaloitwa, na mwaka wa kuzaliwa si wangu, nifanye nini? Nimeombwa nilizungumzie swali hilo.

Kwanza tuelewe makosa haya yametoka wapi. Jeshi la KAR liliundwa mwaka 1902, na kikosi chake cha 4 kilitokana na Uganda Rifles. Kijana alifika mbele ya karani asiyejua lugha ya kwao. Karani aliandika alivyosikia: Kalema akawa Karema, Okello akapungukiwa herufi. Umri ulikadiriwa kwa macho. Aliyesema jina la ukoo, lile la ubatizo halikuandikwa. Baada ya uhuru wa 1962 majeshi ya Uganda yalibadilika mara kadhaa: UNLA mwaka 1979, NRA ikashika nchi mwaka 1986, na mwaka 1995 ikawa UPDF. Aliyetumikia zaidi ya moja ya majeshi hayo huenda aliandikwa upya kila mara. Kisha mwaka 2014 likaanza zoezi la vitambulisho vya taifa, na mzee akaandikwa tena, mara hii na karani mwingine.

Kwetu Kongo mambo yalikuwa na sura yake. Aliyeingia jeshini mwaka 1968 kwa jina la Joseph alilazimika kuliacha mwaka 1972, Mobutu alipoamuru majina ya Kikristo yaondolewe. Baada ya 1990 watu wengi wakayarudia. Kwa hiyo mtu mmoja ana majina mawili ya kweli, na hakuna alilodanganya. Tena wapo waliochukuliwa wakiwa watoto, wale tuliowaita kadogo, hapa Uganda miaka ya 1980 na kwetu katika vita vya 1996 na 1997. Mtoto aliyeongezewa miaka kwenye karatasi leo ana haki ya umri wake wa kweli, na umri huo ndio unaoeleza kwamba hakuingia vitani kwa hiari ya mtu mzima.

Ndugu zangu, wapo wanaosema herufi moja si kitu. Ninaye jirani hapa Kampala, mjane wa askari. Marehemu aliandikwa kwa R jeshini na kwa L kwenye cheti cha ndoa. Kwa mlipaji hao ni watu wawili: mmoja askari asiye na mke, mwingine mume asiye na jeshi. Mama huyo amelea watoto sita akiwa na mfuko wa karatasi mkononi. Kwake yeye herufi hiyo ni karo na kodi ya nyumba.

Sasa tufanye nini? Yapo mambo sita.

La kwanza, usiguse karatasi ya zamani. Usifute, usiongeze herufi kwa kalamu yako, usimpe mtu wa barabarani akutengenezee nyingine. Hiyo ni kughushi, na karatasi iliyoguswa huua hata ukweli uliokuwa ndani yake. Kazi yetu ni kuthibitisha kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja. Lile la zamani lazima libaki likionekana.

La pili, tafuta namba ya jeshi. Jina hubadilika, namba haibadiliki kwa matamshi. Itafute kwenye cheti cha kuachishwa jeshi, barua za zamani, hati za malipo, hata nyuma ya picha. Kati ya 1992 na 1995 Uganda iliwapunguza askari zaidi ya 36,000, na wengi wao walirudi nyumbani na karatasi. Angalieni masandukuni.

La tatu, tenganisha kosa la karani na kubadili jina. Kama karani alikosea, unahitaji kiapo cha maandishi mbele ya hakimu au kamishna wa viapo, kinachosema kwamba fulani na fulani ni mtu yuleyule, pamoja na ushahidi: cheti cha ubatizo au cha shule, barua ya mwenyekiti wa LC1, na maneno ya askari wenzake. Kama mwenyewe ulibadili jina, hiyo ni njia nyingine: kwa raia wa Uganda kuna hati ya kubadili jina inayosajiliwa URSB, na tangazo katika Gazeti la Serikali, kwa mujibu wa sheria ya usajili wa watu ya 2015. Ombi la kurekebisha jalada la askari wa Uganda huelekezwa kwa Wizara ya Ulinzi na Mambo ya Askari Wastaafu, ambayo makao yake ni Mbuya.

La nne, tarehe. Usichague mwaka unaokuletea fedha. Anayesema alizaliwa 1972 na kuajiriwa 1980 ataulizwa alishikaje bunduki akiwa na miaka minane. Pangeni miaka yote kwenye karatasi moja kabla ya kwenda ofisini: kuzaliwa, shule, kuingia jeshini, ndoa, kuacha jeshi.

La tano, wajane na yatima. Jina kusahihishwa hakutoshi. Utatakiwa uthibitishe ndoa na watoto, na mara nyingi upate hati ya kusimamia mirathi. Ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi iko hapahapa Kampala. Chukua risiti kwa kila unacholipa, na usiache karatasi halisi bila kubaki na nakala yenye muhuri.

La sita ni letu wakimbizi peke yetu, nalo lisikilizwe vizuri. Usiliandikie jeshi la nchi uliyoikimbia, wala usiende ubalozini kudai jalada lako, kabla ya kupata ushauri wa mwanasheria. Barua hiyo inaweza kuwaonyesha waliokuwinda mahali unapolala. Tena Mkataba wa 1951 unasema kwamba anayejirudisha kwa hiari chini ya ulinzi wa nchi yake anaweza kupoteza hadhi ya ukimbizi. Refugee Law Project, iliyoanzishwa mwaka 1999 chini ya Chuo Kikuu cha Makerere, imewasaidia wakimbizi wengi kwa mambo ya sheria. Na kama ulijiandikisha hapa kwa jina la kujificha kwa sababu ya hofu, lieleze hilo kwa mwanasheria kwanza, kisha kwa Ofisi ya Waziri Mkuu inayoshughulikia wakimbizi. Hofu inaeleweka ikisemwa na mwenyewe. Ikigunduliwa na mwingine huitwa uongo.

Ndugu Mwenyekiti, mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti juu ya Vita Kuu ya Kwanza. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Miaka mia ilipita, na mashahidi wote walikuwa wamekufa.

Mashahidi wetu bado wapo. Wamekaa hapa mbele yangu, na baadhi yao wanatembea kwa fimbo. Naiomba Kamati itenge siku moja kila mwezi, vijana wanaojua kuandika wakae na wazee, waandike majina yote ambayo kila mmoja aliwahi kuitwa, namba yake, kikosi chake na wenzake waliobaki. Daftari hilo lifungiwe kabatini, lisitembezwe ovyo. Mali bila daftari huisha bila habari. Na haki ya mtu vilevile.

Mungu awalinde wazee wetu.