Gia za Baiskeli, za Zamani na za Sasa



Baiskeli nyeusi iitwayo Black Mamba haina gia. Mwenye nayo akifika mlimani hushuka akaisukuma. Lakini mtu anunuaye baiskeli ya mbio iliyokwisha tumika huweza kukuta vijiti vya gia vya namna mbalimbali, na yafaa ajue tofauti zake kabla ya kutoa fedha.

Namna ya zamani ni vijiti viwili vidogo vilivyofungwa kwenye bomba la fremu linaloteremka kuelekea pedeli. Mpandaji huinama, huondoa mkono mmoja katika usukani, kisha hukisogeza kijiti polepole mpaka asikie kwamba mnyororo umetulia. Mwaka 1984 kampuni ya Shimano ya Japani ilitoa kijiti chenye vituo, ambacho hulia "tik" kila gia inapoingia, hata kubahatisha kukapungua. Mwaka 1990 kampuni hiyo iliunganisha gia na breki mahali pamoja kwenye usukani. Na mwaka 1992 Campagnolo ya Italia ikafanya vivyo hivyo kwa namna yake.

Faida ya namna hii mpya si fahari tu. Barabara kuu ipitayo Webuye huchukua malori mengi yaendayo Uganda. Lori lipitapo kwa kasi, upepo wake huiyumbisha baiskeli. Na mkono ulioko chini kwenye fremu hauwezi kuiwahi breki.

Hata hivyo namna ya zamani isidharauliwe. Vipande vyake ni vichache, na fundi wa kando ya njia aweza kuifungua kwa bisibisi. Tena kijiti kisicho na vituo hakichagui sana hesabu ya magurudumu ya meno. Kile kipya hutaka hesabu yake halisi, na waya ukikatikia ndani yake, kuutoa ni kazi ya subira.

Basi mwenye gia za zamani abadilishe gia kabla ya kuanza mlima, barabara ikiwa tupu. Mwenye gia mpya aukague waya mara kwa mara, na akiona nyuzi zake zaanza kuachana, aubadilishe siku hiyo hiyo. Tahadhari kabla ya hatari.